Samawati ya nani? Somo la chumba kimoja

Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Kwa muda mrefu nilidhani methali hii inawahusu vijana wanaochelewa kuoa, mpaka juzi nilipotakiwa kuchagua rangi ya kupaka chumba kimoja tu katika nyumba yangu hapa Nairobi. Rangi zilizokuwapo zilikuwa mbili, wala hazikuwa mia. Hata hivyo, mimi ninayekula mkate wa kufundisha isimu nilirudi na koroma mkononi, na sababu yake haikuwa rangi bali neno. Ndiyo maana naona kisa hiki kinawafaa walimu na wanafunzi wa Kiswahili.

Chumba chenyewe si kikubwa. Kina dirisha moja linaloelekea mashariki na mlango mmoja unaotokea ukumbini. Kwa miaka mingi kilikuwa ghala la majarida makuukuu, karatasi za mitihani na viti vilivyovunjika. Sasa kilihitajika kwa kazi bora zaidi. Mama yangu mzazi, aliyevuka umri wa miaka 70 na ambaye ameishi Lamu maisha yake yote, alikuwa anakuja kukaa nasi. Macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kupasuliwa na kutiwa lenzi mpya. La kushoto lilikuwa likingoja zamu yake. Kuta za chumba zilikuwa zimefubaa hata usingeweza kusema zilipata kuwa za rangi gani, na ilitubidi tuzipake kabla hajawasili.

Mke wangu alipendekeza rangi ya samli. Hoja yake ilikuwa fupi: mtu mwenye macho dhaifu ahitaji mwangaza, na samli huurudisha mwangaza chumbani badala ya kuumeza. Mimi nilitaka samawati. Hoja yangu ilikuwa ya moyoni zaidi. Mama anaiacha bahari ambayo ameitazama tangu utotoni. Je, si vyema aamkapo aione walau ukutani? Tulibishana kwa siku mbili, kisha mke wangu akaniachia. "Haya, Baba Zuhura," akasema, "mama ni wako, nawe ndiwe mjuzi wa maneno. Agiza hiyo samawati yako."

Nikampigia simu fundi wa rangi, nikamwambia anunue mkebe wa lita 4 wa rangi ya maji, samawati, aanze kazi. Niliporejea jioni kutoka chuoni nilimkuta amekwisha kuanza kwa brashi, kama ilivyo ada ya mafundi kupaka pembezoni kabla ya kutumia rola. Alikuwa ameuzunguka mlango kwa ukanda wa upana wa shubiri mbili hivi. Ukanda huo ulikuwa wa buluu iliyokoza, buluu ya sweta za wanafunzi, buluu inayokaribia usiku.

"Fundi," nikamwuliza, "hii ndiyo samawati?"

"Ndiyo, Daktari," akanijibu kwa utulivu. "Samawati si ni buluu? Ndivyo tulivyofunzwa shuleni."

Nikamwita binti yetu, aliye Gredi ya 5, anisaidie. Akaleta daftari lake. Humo mlikuwa na orodha ya rangi katika safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, na mbele ya neno la Kiingereza la buluu paliandikwa kwa hati nadhifu: samawati. Fundi hakuwa amekosea hata kidogo. Alikuwa ametii neno kama alivyolipokea. Aliyekosea ni mimi, niliyedhani kwamba kwa kuwa neno hilo limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mbingu, basi kila alisikiaye huiona mbingu ya Lamu saa tatu asubuhi.

Kesho yake nilikwenda dukani mwenyewe. Mara hii sikutamka jina lolote. Nilinyoosha kidole kwenye kadi ya rangi, nikanunua mkebe wa lita 1 kwa majaribio. Chini ya taa za dukani rangi ile ilikuwa ndiyo hasa niliyoitaka. Tukapaka kipande kimoja cha ukuta, na pembeni yake kipande kingine cha samli, tukaacha vikauke. Asubuhi mke wangu akaingia chumbani, akatazama, akacheka.

"Baba Zuhura, hii si samawati. Hii ni kijani."

Nikasema ni samawati. Akasema ni kijani. Mchana tukarudi kuitazama, nikaona imekuwa samawati zaidi, na hata yeye akakiri kwamba imebadilika. Usiku, chini ya taa yetu yenye mwanga wa manjano, ilionekana kama majivu yaliyochanganywa na majani. Ukuta ulikuwa ule ule na mkebe ule ule.

Sehemu ya fumbo hili ni ya kisayansi, na haina ugumu. Rangi ya ukuta ni mwanga unaotufikia kutoka ukutani, na ukuta hauwezi kurudisha mwanga ambao haukuupokea. Jua la asubuhi lililo chini angani lina umanjano, na umanjano ukiangukia buluu hafifu huisukuma kuelekea kijani. Jua likishapita juu ya paa, chumba cha mashariki hupata mwanga wa anga tu, nao una ubuluu. Vitabu vya mapambo ya nyumba vilivyoandikwa Ulaya humwambia msomaji achunguze kwanza kama dirisha lake linaelekea kaskazini au kusini, kwa kuwa huko adhuhuri jua huwa upande wa kusini mwaka mzima. Ushauri huo hautufai hapa. Nairobi iko takriban digrii 1 tu kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua hupita kaskazini yetu na mwezi wa Desemba hupita kusini yetu. Linalotofautisha chumba na chumba kwetu ni mashariki na magharibi, asubuhi na alasiri. Anayechagua rangi dukani, chini ya taa za dukani, huchagulia duka.

Sehemu ya pili ya fumbo ni ya lugha, nayo ndiyo iliyonikesha.

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema ukuta mweupe, chumba cheusi, maua mekundu. Hali ni hiyo hiyo katika lugha nyingi jirani. Kikuyu, lugha ya kwanza ya mke wangu, kina -erũ, -irũ na -tune. Kijaluo, ambacho si cha Kibantu kamwe, kina rachar, rateng' na rakwar. Nje ya vitatu hivyo, Kiswahili huacha kuusifu ukuta moja kwa moja, kikaufananisha na kitu kwa kutumia a-unganifu. Ukuta wa kijani ni ukuta wenye rangi ya jani. Manjano ni kiungo cha pilau kabla ya kuwa rangi. Kijivu kimetoka jivuni, kahawia imetoka kwenye kahawa, zambarau na chungwa ni matunda, waridi ni ua. Nili ilikuwa ya kufulia nguo nyeupe. Samli twaijua jikoni. Mtu wa rangi ya maji ya kunde hatuhitaji kuelezwa anafananaje, maadamu tumewahi kupika kunde.

Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha kitabu kuhusu majina ya msingi ya rangi. Walilinganisha lugha 98, na katika lugha 20 kati ya hizo, Kiswahili kikiwamo, waliwaonyesha wasemaji vipande 329 vya rangi na kuwataka waonyeshe kila jina linaanzia wapi na kukomea wapi. Walidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi huwa na nyeupe, nyeusi na nyekundu; kisha hufuata kijani au manjano, halafu buluu, halafu kahawia, mpaka yanapotimia majina kumi na moja. Walikosolewa baadaye, na kwa haki: wasemaji wao wengi waliishi California na walijua Kiingereza, na aghalabu lugha nzima iliwakilishwa na mtu mmoja. Lakini kuna jambo waliloliona ambalo kila mwalimu angelipenda. Wasemaji walikubaliana kwa urahisi juu ya mfano bora wa kila rangi. Ilipofika mipakani, walitofautiana. Hata mtu yule yule, akiulizwa tena siku nyingine, aliweza kuuhamisha mpaka.

Hapo nikatambua kwamba mimi na mke wangu hatukuwa tukibishana juu ya ukuta. Tulikubaliana kabisa juu ya jani na tulikubaliana kabisa juu ya mbingu. Rangi niliyoinunua ilikuwa imeketi katikati, mpakani, na kila mmoja wetu alikuwa akiivuta upande wake kwa kamba ya neno. Wala si sisi wa kwanza. Wavietinamu hutumia neno moja, xanh, kwa jani na kwa mbingu. Wajapani huiita taa ya kuruhusu magari kwa neno ao, ambalo ndilo la buluu, ingawa wanaiona kwamba ni ya kijani. Warusi nao hawana neno moja la buluu. Wana mawili, moja la ile iliyokoza na jingine la ile nyepesi, na kwao hizo ni rangi mbili kama zilivyo nyekundu na waridi kwetu. Lau fundi wangu angekuwa Mrusi, mkebe wa kwanza usingenunuliwa.

Wapo wanaosema kwamba mtindo wetu wa kusema "rangi ya kitu fulani" ni dalili ya umaskini wa lugha. Sikubaliani nao. Kiingereza nacho kiliazima jina la rangi ya chungwa kutoka kwenye tunda, na hakuna anayekililia. Mtindo huu una hekima yake: humlazimu msemaji ataje kitu ambacho msikilizaji amekiona. Asemaye "rangi ya samli" ametoa jina pamoja na ushahidi. Tatizo huanza pale tunapolichukua neno, tukalikata kamba inayolifunga kwenye kitu chake, tukalibandika kwenye neno la Kiingereza katika safu ya daftari. Samawati ilipoacha kuwa mbingu ikawa tu tafsiri ya neno la kigeni, ndipo ilipowezekana ije nyumbani kwangu ikiwa na sura ya usiku.

Mama akawasili siku ya Jumapili, chumba kikiwa bado na vipande viwili ukutani na ule ukanda wa buluu iliyokoza ukiuzunguka mlango. Niliona haya, lakini pia niliona nafasi. Baada ya kupumzika nikamwongoza hadi mbele ya kipande changu, nikamwuliza, "Mama, hii ni rangi gani?"

Hakunitajia jina. Aliliziba jicho la kushoto kwa kiganja, akatazama kwa jicho lililotibiwa. "Haya ni maji ya asubuhi wakati wa kaskazi," akasema. Kisha akaliziba la kulia, akatazama kwa lile ambalo bado. Akakaa kimya kidogo. "Na kwa hili ni maji ya kusi, yaliyochafuka mchanga. Mwanangu, mbona umenipakia bahari mbili?"

Nilijua sababu kwa kusoma, ila sikuwahi kuisikia kutoka kinywani mwa mtu wangu. Lenzi ya jicho huzidi kuwa ya manjano kadiri umri unavyosonga, na mtoto wa jicho huizidishia hali hiyo, ikawa kama mtu anayeutazama ulimwengu kupitia chupa ya chai. Mwanga wa buluu huzuiwa, na tofauti kati ya buluu na kijani hufifia. Lenzi ikiondolewa na nyingine safi ikatiwa, buluu hurudi kwa ghafla. Claude Monet, mchoraji maarufu wa Ufaransa, alipasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, akajikuta anaona rangi za namna mbili kwa macho mawili, na jambo hilo lilimtaabisha sana katika kazi yake. Mama hakuwahi kusikia habari za Monet. Lakini mabishano yangu na mke wangu, ya samawati na kijani, yalikuwa yanaendelea ndani ya kichwa chake peke yake, na pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli.

Nikamwonyesha kipande cha samli. Kwa jicho la kulia alisema ni samli, tena nzuri. Kwa la kushoto alisema imekoza kidogo, lakini ni samli vilevile. "Juu ya hii macho yangu yamesikizana," akasema. "Ile nyingine yanagombana. Nipakie hii."

"Na bahari, mama?" nikamwuliza, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa bado haujakubali.

"Bahari huendewa ikatazamwa, mwanangu. Hailaliwi ndani yake." Kisha akanikumbusha jambo ambalo nilipaswa kulikumbuka mwenyewe: vyumba vya nyumba ya mawe alimolelewa vilikuwa vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko, na kuta zake zilipakwa chokaa nyeupe ili mwanga mchache ulioingia ufike hadi mwisho. Bahari ilikuwa nje. Ndani palikuwa peupe. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, naye hakusema neno, ila nilimwona akitabasamu.

Fundi alipokuja kuumaliza ukuta, alitaka kuufunika ule ukanda wa makosa uliouzunguka mlango. Mama akamzuia. "Huo mweusi uacheni," akasema. "Ndio unaonionyesha mlango ulipo."

Sisi sote tuliuita wa buluu. Yeye aliuita mweusi. Sijui kama aliyesema ni jicho lake au ni Kiswahili chake, kwa kuwa wazee wetu huliacha neno -eusi lienee juu ya kila rangi iliyokoza. Nijualo ni kwamba kwa macho yote mawili aliweza kuuona, na kwamba tangu siku hiyo hajagonga kizingiti hata mara moja. Mtu mwenye uoni hafifu husaidiwa na tofauti ya weupe na weusi kuliko tofauti ya rangi na rangi. Mlango wenye rangi sawa na ukuta kwake si mlango.

Sasa niruhusuni, walimu wenzangu, niseme nililojifunza. Kwanza, tusiwafundishe watoto rangi kwa orodha ya safu mbili. Tuwapelekee darasani jani, jivu, manjano, ganda la chungwa, kahawa iliyosagwa, na tuwatoe nje waione mbingu. Vitu hivi havihitaji bajeti ya wizara. Pili, tutofautishe kosa na tofauti. Mwanafunzi anayeandika "shati kijani" au "gari samawati" amekosa sarufi, kwa kuwa ameiacha a-unganifu. Huyo asahihishwe aandike "shati la kijani" na "gari la samawati". Mwanafunzi anayeichora bahari kwa kalamu ya kijani akaandika chini yake kwamba ni samawati hajakosa sarufi, na yamkini hajakosa hata kidogo. Huyo aulizwe bahari aliiona wapi, na saa ngapi. Tatu, tuwazoeshe kuuliza swali ambalo mimi, pamoja na shahada zangu, sikumwuliza fundi wala kuulizwa naye: rangi ya nini? Lau ningalimwambia fundi "kama mbingu asubuhi" badala ya kumtupia neno moja kwenye simu, tungaliokoa mkebe mzima.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba mwenye kamusi nene ndiye aelewekaye zaidi. Neno ni mapatano, na mapatano yahitaji watu wawili waliotazama kitu kimoja.

Chumba kimekwisha. Kuta ni za samli, na mlango umezungukwa na ukanda ambao katika nyumba yetu una majina matatu: fundi huuita samawati, mimi na mke wangu buluu, na mama mweusi. Mkebe mdogo wa samawati yangu bado ninao, nimeufunga vizuri na kuuweka chini ya ngazi. Jicho la kushoto la mama litapasuliwa majuma machache yajayo, inshallah. Akishapona nitakipaka kipande kimoja tena ukutani, tukitazame pamoja, nami sitamwuliza kinaitwaje.